Tumchangie mgonjwa kabla ya jeneza: Sheria ya bima ya afya na wajibu wa Waislamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wake mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ijumaa moja ya mwezi wa Rajab, mwanzoni mwa mwaka 2024, tulipanda gari pale stendi ya Moshi tukaelekea mlimani, kwa mwaliko wa ndugu zetu wa msikiti mmoja mdogo uliozungukwa na migomba na mibuni. Baada ya swala watu hawakutawanyika. Kulikuwa na kikao cha chama cha kufa na kuzikana, na katibu wake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alifungua daftari lake akasoma hesabu. Kaya hamsini na ushei, kila kaya shilingi 2,000 kwa mwezi. Sanda zimo katika sanduku la msikiti, pamba na marashi vimo, kitanda cha kuoshea kimetengenezwa upya, na fedha ya kukodi gari la kuleta maiti kutoka mjini haijapata kukosekana. Tulifurahi kuyasikia hayo, kwani kumzika Muislamu ni faradhi ya kutoshelezana, na wako wengine mijini ambao huzikwa kwa kuombewa michango barabarani.

Ndipo mama mmoja akaomba ruhusa ya kusema kutoka nyuma ya pazia la akina mama.

“Shikamooni wazee wangu. Mwanangu mnamjua, ana selimundu, na wiki hii maumivu yamemrudia. Akifa leo, sanda yake imo katika sanduku hilo. Mimi naomba nauli ya kumpeleka Mawenzi na pesa ya dawa, maana bado yuko hai.”

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kisha imamu akavua kofia yake, ikapitishwa safu kwa safu, na ilipomrudia zikahesabiwa shilingi 31,500. Mama akapewa, akashukuru, akaondoka. Nasi tulikaa na ile hesabu kichwani, kwa sababu tulikuwa tukijua hesabu nyingine inayofanana nayo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF, ulipoanzishwa mwaka 2018, kiwango chake kwa mikoa kama Kilimanjaro kiliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka mzima, na mwenye kadi alitibiwa kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa watu wa Moshi ndiyo hiyo Mawenzi. Kofia ile ilikuwa imekusanya, kwa safari moja ya mtoto mmoja, zaidi ya ada ya mwaka ya nyumba nzima. Na zile 2,000 za maziko, ukizizidisha kwa miezi 12, ni 24,000. Baina ya kujiandaa kumzika mtu na kujiandaa kumtibu palikuwa na tofauti ya shilingi 500 kwa mwezi.

Tuna sababu ya kuanza na kisa hiki. Novemba 2, 2023, Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo ni Sheria Namba 13 ya mwaka huo, nayo inahusu Tanzania Bara. Yaliyosemwa juu yake katika misikiti yetu ni mengi, na mengine yalisemwa bila ya kuisoma. Tunapenda leo tuitazame kwa upande wa yule ambaye watu wa bima humwogopa kuliko wote, naye ni mtu ambaye tayari anaumwa.

Chungu cha wagonjwa peke yao

Ndugu msomaji, biashara ya bima popote duniani haimpendi mgonjwa. Kampuni humuuliza mtu kwanza: je, una kisukari, una shinikizo la damu, umewahi kufanyiwa upasuaji? Akijibu ndiyo, ama hukataliwa, ama hutozwa zaidi, ama huambiwa maradhi yale hayamo katika mkataba. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukatili tu. Inajua kwamba mtu akiruhusiwa kungoja mpaka augue ndipo alipe, wazima hawatalipa kabisa, na fedha itakwisha.

Marekani walilijaribu jambo hili kwa sheria za majimbo. Kuanzia mwaka 1976, majimbo ya Minnesota na Connecticut yalitunga sheria za kuanzisha mifuko maalumu kwa ajili ya wakazi waliokataliwa na makampuni kwa sababu ya maradhi yao. Kufikia mwaka 2010 majimbo yapatayo 35 yalikuwa na mifuko ya namna hiyo. Nia ilikuwa njema, lakini mfuko uliojaa wagonjwa watupu hauna wa kuubeba. Ada zake zilikuwa juu kuliko za watu wengine, baadhi ya majimbo yaliweka orodha za kungojea, na Florida iliufunga mlango kwa wanachama wapya tangu mwaka 1991. Katika taifa tajiri kama lile, mifuko yote hiyo haikupata kubeba zaidi ya watu laki mbili na kitu. Mwisho wake ilitungwa sheria ya mwaka 2010 iliyowakataza wenye bima, kuanzia mwaka 2014, kumkataa mtu kwa ugonjwa alionao.

Nasi tumelionja jambo hilo hilo hapa nyumbani, na wazazi wengi wa Moshi wanalikumbuka kwa uchungu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Ilikuwa rehema kubwa. Mtoto mwenye tundu katika moyo, mwenye saratani, mwenye selimundu, wote walitibiwa kwa fedha ambayo mzazi angeweza kuipata kwa kuuza mikungu kadhaa ya ndizi pale Mbuyuni. Mwezi Machi 2023 Mfuko ukausimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ukieleza kwamba wanaoandikishwa wengi ni watoto ambao tayari wanaumwa, na kwamba gharama za matibabu zimeizidi mno michango. Vilio vilisikika nchi nzima. Usajili wa watoto ulikuja kurejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya, lakini katika kipindi kile wako waliorudi nyumbani na watoto wao mikononi.

Tulilaumu serikali sana wakati ule, na lawama nyingine zilistahiki. Lakini tuwe wakweli. Nani katika sisi alimwandikisha mwanawe mzima, anayecheza mpira? Tulimwandikisha yule anayeumwa, wazima tukawaacha. Tuliteka maji katika kisima ambacho hatukutia hata ndoo moja.

Sheria ya 2023 imetoka wapi

Wazee wetu wanakumbuka matibabu ya bure ya baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama, na kuanzia hapo kila nyumba imejua maana ya kuuza mbuzi kwa ajili ya sindano. NHIF iliundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 ikaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, na mwaka huo huo wa 2001 ikatungwa sheria ya CHF kwa watu wa vijijini. Watumishi walikatwa mishahara wapende wasipende, kwa hiyo mfuko wao ulikuwa na vijana, wazee, wazima na wagonjwa pamoja. Mkulima yeye aliachiwa hiari, na hiari ikazaa tuliyoyaeleza. Novemba 2019 NHIF ilipotoa vifurushi vya hiari vya Najali, Wekeza na Timiza, ada ilipangwa kwa kutazama umri: kijana alianzia shilingi 192,000 kwa mwaka, na mtu kadiri alivyozeeka ndivyo alivyotakiwa kulipa zaidi. Bibi wa miaka 65 mwenye sukari na presha, asiye na mshahara wala pensheni, ndiye aliyetakiwa kutoa kikubwa.

Ni kweli kwamba sera ya afya inawasamehe ada katika hospitali za umma watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye baadhi ya maradhi ya kudumu. Mtoto wa yule mama wa mlimani anaingia humo. Lakini msamaha haununui dawa iliyokwisha katika stoo, na mgonjwa akiandikiwa karatasi aende duka la dawa la nje, muuza duka hatambui msamaha.

Muswada wa kwanza ulipelekwa bungeni Septemba 2022 ukazua kelele, kwa kuwa ulitajwa pamoja na kiwango cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu 6, tena ukataka bima iwe sharti la kupata leseni ya udereva, hati ya kusafiria na mambo mengine. Ukaahirishwa, ukarekebishwa, mpaka ukapita mwaka uliofuata chini ya Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu. Kiini chake ni kwamba kila mkazi awe ndani ya bima, mzima na mgonjwa. Mwajiriwa atachangiwa asilimia 6 ya mshahara, mwajiri akibeba angalau nusu yake. Asiyekuwa katika ajira rasmi atalipa kiwango kilichopangwa kwa kaya. Asiye na uwezo atalipiwa kutoka katika mfuko maalumu, na katika kutekeleza sheria hii kwa awamu hao wasio na uwezo ndio walioahidiwa kutangulizwa.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, pale Taveta, nao walipata sheria yao mwaka 2023. Kenya iliuondoa mfuko wa zamani, na kuanzia Oktoba 2024 wenye mishahara wakaanza kukatwa asilimia 2.75 ya kipato, pamoja na kuwekwa mfuko wa pembeni kwa dharura na maradhi sugu yanayomaliza kitita cha kawaida. Wamepata misukosuko, lakini wazo la kumtengea fungu mgonjwa wa figo au wa saratani, ilhali wazima wote wako ndani ya mfuko mkuu, ni wazo la kutazamwa. Anayelala kitandani KCMC akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa fedha ambayo mkulima wa kihamba haioni kwa mwezi, anaelewa tunachokisema.

Mzee aliyeuliza kama si kamari

Turudi msikitini. Yule mama alipoondoka, katibu alipendekeza chama kiongeze mchango na kulipia kadi ya CHF kwa kila kaya. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, ambaye tulielezwa kuwa ndiye aliyewafundisha Qur'ani nusu ya watu waliokuwamo, akainua mkono.

“Bima ni kamari,” alisema. “Unatoa pesa, hujui utapata nini. Usipougua imekwenda, ukiugua umekula ya mwenzio. Mnataka kuniingiza katika haramu uzeeni?”

Swali hili si la kudharauliwa, na hatupendi namna vijana wanavyowacheka wazee wanaoliuliza. Wanazuoni wamelitazama kwa urefu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilikutana Jeddah Desemba 1985 likaamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu, ambamo kampuni inauza ahadi kwa faida, ina ghururi kubwa inayouharibu mkataba, kwa hiyo ni haramu. Hapo mzee yuko sawa. Lakini uamuzi huo huo ukasema badala yake ni bima ya kushirikiana, iliyojengwa juu ya kujitolea na kusaidiana, na hiyo ikakubaliwa. Sheikh Mustafa az-Zarqa wa Syria alikwenda mbali zaidi akaihalalisha bima kwa upana, lakini wengi hawakumfuata huko, na sisi hatuhitaji kumfuata ili suala letu litatuke.

Tofauti yenyewe ni ya nia na ya umbo la mkataba. Katika kuuziana, ghururi huharibu. Katika kutoa hiba, ghururi husamehewa, kwa kuwa anayetoa hakukusudia kununua kitu. Mwenye kutia 30,000 yake akisema moyoni kwamba hii ni tabarrui kwa atakayeugua katika sisi, nami nikiugua nitakuwa mmoja wa watakaosaidiwa, huyo hakucheza kamari. Hakuna mwanahisa anayengoja gawio katika mfuko wa umma.

Tumtajie mzee wetu pia jambo analolijua. Imepokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa kwamba watu wa kabila la Ash'ari, chakula kilipowapungukia vitani au majumbani kwao Madina, walikuwa wakivikusanya vyote walivyo navyo katika nguo moja, kisha wakagawana kwa kipimo kimoja sawasawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu kwa sifa kubwa, akawahesabu kuwa ni wa kwake naye ni wa kwao. Tuangalie kwamba hawakupima nani alileta nyingi. Na katika diya ya kuua kwa bahati mbaya, sheria yetu haimwachii mzigo muuaji peke yake. Jamaa zake wa kiumeni, ambao hawakufanya lolote, hugawana kuulipa. Msiba wa mmoja umekatwa vipande vidogo ili usimvunje mtu mgongo. Bima ya kusaidiana ni tawi la mti huo.

Linabaki jambo moja ambalo hatutalificha. Mifuko ya umma huweka akiba yake katika mabenki na katika hatifungani zenye riba. Hilo hatulihalalishi, na viongozi wetu wana haki ya kuiomba serikali iwekeze sehemu ya akiba hiyo katika sukuk, ambazo zimekwisha kutolewa nchini, kama ile Fursa Sukuk ya benki ya KCB ya mwaka 2022. Lakini riba inayotendwa na mwendesha mfuko ni dhambi ya mwenye kuitenda, wala haimzuii mjane kuchukua dawa yake.

Wako wanaosema kuandaa fedha ya ugonjwa ni kupungukiwa na tawakkul. Hao tunawakumbusha hadithi aliyoipokea Tirmidhi ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga kwa kumtegemea Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Fedha ya pombe na ya kamari

Swali gumu zaidi halikuulizwa na mzee. Liliulizwa na kijana fundi wa pikipiki, aliyekuwa amesoma habari za sheria hii katika simu yake. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa na sheria kwa ajili ya mfuko wa wasio na uwezo mna ushuru wa vileo, ushuru wa vinywaji baridi na wa vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, na tozo za miamala ya kielektroniki. Kijana akauliza: maskini wa Kiislamu atatibiwa kwa fedha ya bia na ya mikeka ya mpira?

Msikiti uliguna. Katika mlima ambao kila kona ina mbege, ingawa mbege ya nyumbani haimo katika ushuru wa viwandani, kila mmoja alikuwa na jirani wa kumfikiria.

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, pombe na kamari ni haramu kwa nassi ya Qur'ani, na ushuru hauzisafishi. Mfuko wa afya unaotegemea walevi wasipungue una kasoro ndani yake, maana mlevi huyo huyo ndiye atakayerudi hospitalini na ini lake. Tungependa siku moja chanzo hicho kikauke. Pili, maskini anayepewa hana dhambi. Imamu Nawawi katika al-Majmu', akimnukuu Ghazali, ameeleza kuhusu mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe kwamba hutolewa katika maslahi ya umma au kwa mafukara, na akaweka wazi kwamba fakiri anapopewa, kwake yeye ni halali na ni nzuri, wala si haramu tena. Na imepokelewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba alipowasikia maofisa wake wakipokea mvinyo kwa wasio Waislamu kuwa ni kodi, aliwakataza kuugusa, akawaamuru wawaache wenyewe wauuze na serikali ichukue katika thamani yake. Hazina ya dola iliyochanganyika fedha za kila namna imekuwapo tangu zama za watangulizi wetu, na maulamaa hawakuwaambia mayatima wafe njaa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto mgonjwa akiandikwa katika orodha ya kulipiwa, na aandikwe. Anayeona uzito moyoni ni yule mwenye uwezo, na huyo dawa yake ni rahisi: alipe ada yake mwenyewe kwa fedha ya halali, na amlipie jirani.

Hapa tunataka kuwanong'oneza wanakamati wa misikiti jambo moja. Kaya zisizo na uwezo hutambuliwa vijijini na mitaani, kwa utaratibu kama ule uliozoeleka wa TASAF. Mtu asiyehudhuria husahauliwa. Na ni nani asiyehudhuria? Ni mgonjwa mwenyewe, aliyelala. Ni kikongwe asiyesikia tangazo. Ni mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi hatoki, na katika siku hizo ndipo mume aliyekuwa akimlipia kila kitu amekwisha kuzikwa. Jina lake lisipopelekwa na mtu, halitafika. Vilevile nyumba zetu ni kubwa. Kaya inayohesabiwa watu 6 haiwatoshi mume, wake wawili, watoto na yatima wa ndugu. Ni vyema kuuliza mapema, katika ofisi ya kijiji au ya NHIF pale Moshi mjini, kila mke na watoto wake waandikwe vipi, ili asije mtoto akafikishwa dirishani na jina lake halimo.

Wala jambo hili si geni kwa mlima. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933 na wakulima wa kahawa, kilianzisha mwaka 2011, kwa kushirikiana na taasisi ya PharmAccess ya Uholanzi, mpango wa bima ya afya kwa wanachama wa vyama vyake vya msingi. Kahawa iliwahi kupeleka watoto shule, na hapo ikatumwa kupeleka watu zahanati. Kilichofanya mpango wa aina hiyo uwezekane ni kwamba wakulima walikuwa tayari wamo katika chama, wazima na wagonjwa, kabla ya suala la ugonjwa kuzungumzwa. Msikiti nao ni kundi la namna hiyo. Watu hawaji kusali kwa sababu wanaumwa.

Na katika historia ya Kiislamu, bimaristani ya al-Mansuri iliyojengwa Cairo na Sultani Qalawun mwaka 1284 ilimpokea tajiri na fakiri, mwenyeji na mgeni, kwa mapato ya waqfu: maduka, mashamba na nyumba za kupangisha. Tuna viwanja vya waqfu mjini Moshi na kwingineko nchini. Kodi ya fremu mbili tu za duka, ikisimamiwa na watu waaminifu, ingelipia ada za mafukara wa msikiti mzima mwaka hadi mwaka. Kuhusu zaka, maulamaa wana maneno marefu juu ya sharti la kummilikisha fakiri mwenyewe, basi mwenye kutaka kuitoa kwa njia hii na amkabidhi fakiri mkononi, kisha amsindikize akajiandikishe. Sadaka haina masharti hayo.

Tunajua pia kwamba kadi peke yake haitibu. Machi 2024, NHIF ilipobadilisha kitita chake cha mafao, hospitali kadhaa za binafsi ziliacha kwa siku kadhaa kuwapokea wenye kadi, na watu wakajikuta na kadi nzuri zenye picha na mlango umefungwa. Sheria itapimwa kwa dawa iliyopo kwenye rafu. Hilo tutaendelea kuliuliza.

Kikao kile cha mlimani hakikumalizika kwa kauli moja. Fundi pikipiki, baada ya kuridhika na jibu la imamu, bado alisema yeye haumwi na hajawahi kulazwa. Katibu akamuuliza alipata ajali mara ngapi mwaka uliopita. Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akatoa shilingi 2,500 za mwezi wa kwanza. Katibu akafungua ukurasa mpya wa daftari lake, upande wa pili wa orodha ya maziko, akaandika jina la kaya ya yule mama katika mstari wa kwanza ingawa hakuwapo, na la fundi katika mstari wa pili.

Mpaka Alasiri ilipoadhiniwa yalikuwa yamefika majina 23. Mwalimu wa Qur'ani alikuwa hajaandika lake. Alituambia, akitawadha bombani, kwamba amesikia na hakupinga, lakini atashuka Moshi Jumatatu amuulize sheikh wake kwanza, na akirudi na jibu atawaeleza wanafunzi wake wote.

Wabillahi tawfiq.